Japani ilitupa mlima, ikatuuzia na Canter

Wadau, leo tuache siasa kidogo. Nataka tuzungumzie kitu kimoja kidogo kilichomo kwenye magari, ambacho dereva mmoja atakwambia kimemwokoa na mwingine hataki hata kukisikia. Ni kile kifaa kinachoendelea kushika breki gari inaposimama mlimani, ili ukitoa mguu kwenye breki kwenda kwenye mafuta gari isirudi nyuma. Kwa mwenye otomatiki hii wala si habari. Yeye akiachia breki gari inajivuta yenyewe kidogo, maisha yanaendelea. Habari iko kwa mwenye gia za mkono, mwenye pedali tatu na miguu miwili.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Mlima? Buguruni? Dar si tambarare tupu bwana... Ndiyo, kwa miaka mingi mlima kwa dereva wa mjini ilikuwa ni habari ya Kimara na Mbezi, au Pugu kwa wale wa Kisarawe. Lakini tarehe 27 Septemba 2018 likafunguliwa daraja la juu la Mfugale pale Tazara, la kwanza la aina yake nchini, na tarehe 24 Februari 2021 likafuata la Kijazi pale Ubungo. Sisi wa Buguruni tuko katikati, Barabara ya Mandela inatupeleka kote kuwili. Kwa hiyo milima tumejengewa. Na mlima wa daraja una tabia ambayo mlima wa Mungu hauna: unawekwa makusudi mahali penye foleni. Foleni ikizidi inapanda nayo, na hapo ndipo utaona nani anajua klachi na nani anabahatisha.

Kuna jambo linanichekesha kila nikipita pale. Daraja la Mfugale lilijengwa kwa msaada wa Japani. Canter na Elf zinazobeba mizigo ya Kariakoo zimetoka Japani, nyingi zikiwa zimeshatumika huko. Na ndani ya nyingi kati ya hizo, Wajapani walishaweka dawa ya mlima miaka mingi kabla hatujawa na daraja lolote la juu. Kwenye Isuzu utaona herufi HSA, kwenye Canter utakuta EZGO. Yaani walitupa mlima, wakatuuzia gari, na dawa wakaiweka humo humo. Sisi dawa tumeing'oa!

Sitanii. Kwenye kijiwe cha Canter za kukodi karibu na nyumbani nilikaa mchana mmoja na madereva wanaosubiri mzigo. Nikauliza swali langu, vipi kile kidude cha mlimani. Mmoja, mtu mzima kidogo, akaniangalia kama nimemuuliza habari za mtalaka wake.

"Mdogo wangu, kile nilimwambia fundi akitoe siku ile ile gari imefika. Kinashika. Nataka kuondoka, chenyewe kinanishika."

Kijana aliyekaa juu ya tairi akamkatiza: "Kaka, hicho hakikukushika, hukukiseti."

Wakaanza kubishana, mimi nikanyamaza na daftari langu. Ubishi wa madereva huwa una elimu ndani yake ukiwa na subira.

Ngoja nieleze kinavyofanya kazi, maana hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kwenye lori hizi ndogo za Kijapani, ukisimama huku umekanyaga breki na klachi, vali moja inafunga njia na kuuzuia mgandamizo wa mafuta ya breki usirudi. Unaweza kutoa mguu kwenye breki, magurudumu bado yameshikwa. Unaingiza namba moja, unaongeza mafuta, unaachia klachi taratibu. Pedali ya klachi ikifika mahali fulani, vali inafunguka na breki inaachia. Mahali hapo fulani ndipo penye siri. Panatakiwa pawe pale pale ambapo klachi inaanza kushika. Breki ikiachia mapema, gari inarudi nyuma. Ikichelewa, injini inasukuma huku breki inavuta, gari inatetemeka, inazima au inaunguza pleti.

Sasa pleti ya klachi inalika, na kadiri inavyolika mahali pa kushika panahama. Wajapani wanalijua hilo, ndiyo maana kuna kidude cha kuzungusha cha kurekebisha wakati wa kuachia, na swichi ya kuzima kabisa. Lakini maandishi ni ya Kijapani, kitabu cha gari kilibaki huko huko, na gari imefika na pleti iliyolika au imefungwa pleti nyingine ambayo haikuwahi kupimwa na kifaa hicho. Dereva anapanda ngazi siku ya kwanza, anakanyaga, gari inamgomea mbele ya watu. Unategemea akipende?

Kuna kero nyingine ambayo yule mzee wa kijiweni aliieleza vizuri, na hapa nampa haki yake. Vifaa vingi vya zamani havipimi mwinuko. Vyenyewe vinaona breki, klachi na gari kusimama, basi, vinashika, hata ukiwa tambarare ya Uhuru pale Malapa. Foleni ya Buguruni unasogea hatua mbili unasimama, hatua mbili unasimama. Kila ukisimama kinashika, kila ukiondoka kinachelewa kidogo. Kwa siku nzima hiyo inachosha mguu na roho. Swichi ya kuzima ipo, ni kweli, lakini nani atakaa anawasha na kuzima mara mia kwa siku?

Magari madogo ya kisasa yana kitu cha aina nyingine. Huko sensa inapima mwinuko, na kompyuta ile ile inayozuia gari isiteleze ndiyo inayoshika breki, kwa kawaida kwa sekunde mbili hivi, kisha inaachia utake usitake. Ulaya ililazimisha magari yote mapya yawe na mfumo huo wa kuzuia kuteleza kuanzia Novemba 2014, na vipuri vikishakuwepo, kuongeza msaada wa mlimani kukawa karibu bure. Ndiyo maana siku hizi utaukuta hata kwenye gari ya bei ya chini. Lakini wazo lenyewe ni la kale mno. Studebaker ya Marekani ilikuwa na kishika mlima mwaka 1936, bila kompyuta yoyote. Subaru nao waliweka chao kwenye manyuali, kimeunganishwa na klachi. Kwa hiyo anayesema hiki ni kitu cha vijana wasiojua gari, amwambie na babu yake.

Haya, hoja kubwa ya wanaokipinga ni kwamba dereva aliyefundishwa hakihitaji. Na ni kweli... kwenye daftari. Shule ya udereva wanakufundisha: vuta handbreki, ingiza namba moja, inua klachi mpaka bodi itetemeke, ongeza mafuta, achia handbreki. Ukifanya hivyo gari hairudi hata nchi moja. Tatizo ni kwamba handbreki ya daladala nyingi ni pambo. Nimekaa kiti cha mbele kwenye Coaster nyingi za kwenda na kutoka Buguruni, na mkono wa handbreki mara nyingi umetundikwa kitambaa cha konda au mfuko wa chenji. Dereva anafanya nini basi? Anabalansi. Anaishikilia gari kwa klachi nusu na mafuta kidogo, inaning'inia pale mlimani, mbele kidogo, nyuma kidogo, kama mtu kwenye bembea. Ile harufu ya kuungua unayoisikia abiria ukadhani ni takataka za barabarani, mara nyingi ni pleti hiyo, inalika huku unanusa.

Na pleti ina mwenye kuilipa. Hapa ndipo nilipoacha kuliona swali hili kuwa la starehe ya dereva. Kijana wa juu ya tairi ni deiwaka, haendeshi gari yake. Kwa tajiri wake, klachi ikiungua kabla ya wakati ni uzembe wa dereva, inakatwa kwake kidogo kidogo kwenye hesabu. Kwa hiyo yeye kifaa kinamlinda mfukoni. Mzee naye ana Canter yake mwenyewe, na amezoea kubalansi kwa miaka, mguu wake una akili kuliko sensa. Kinamkera kwa sababu kinamwingilia kazi anayoiweza. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa hesabu yake.

Lakini nilipowauliza ni nani anakuwa nyuma yao gari inapopanda, wakanyamaza kidogo.

Tuseme ukweli wa barabara zetu. Ulaya nyuma yako mlimani kuna gari nyingine, imeacha nafasi, ukirudi sana umegusa bampa mnaandikiana bima. Kwetu nyuma ya Canter yenye mzigo kuna bodaboda amechomeka gurudumu lake la mbele chini ya bodi, maana anatafuta upenyo. Kuna kijana wa guta anasukuma magunia kwa kifua, kichwa ameinamisha, haoni taa za breki. Kuna muuza maji anavuka kati ya magari mawili akimpa abiria chenji. Nusu mita ya kurudi nyuma ambayo dereva anaiita kawaida, kwa mtu wa guta ni mguu. Yeye hawezi kurudi nyuma kukukwepa, mzigo wake nao uko mlimani!

Ukilitazama swali kutoka nyuma ya gari, linabadilika kabisa. Kwamba kifaa kinamkera dereva inakuwa jambo la pili.

Wenzetu wa malori makubwa hili wanalijua zamani, kwa njia yao. Malori yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo yanapita hapa hapa Mandela, na baadaye yanakutana na Mlima Kitonga kule Iringa. Huko kazi ya kushikilia gari mlimani ilikuwa na mwenyewe, naye ni utingo. Gari ikisimama anaruka na gogo au jiwe, anasukumia nyuma ya tairi. Huyo ndiye kishika mlima wa kwanza nchini, anakula na analala chini ya lori. Ubaya wake ni jiwe linalobaki barabarani gari ikishaondoka, likimsubiri mwenye pikipiki usiku. Lori jipya la breki za upepo lina msaada wake wa kuondokea mlimani, lakini ukiwa na mzigo mzito na barabara imeteleza, bado nisingemshauri dereva amwache utingo nyumbani.

Na hapo ndipo nisipokubaliana na kijana wa deiwaka pia. Yeye anakiamini mno. Alinionyesha kwa fahari, pale pale, jinsi anavyosimama na kutoa miguu yote kwenye breki huku anapokea simu. La, hapana. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwamba kifaa hiki si handbreki. Kile cha magari madogo kinaachia baada ya sekunde zake. Kile cha Canter kinategemea vali ambayo ina umri mkubwa kuliko leseni ya dereva, na mpira ukizeeka mgandamizo unavuja polepole. Anayejifunzia gari yenye kifaa hiki bila kujua handbreki, siku akipewa Coaster ya mwaka wa shetani atafanya nini kwenye daraja la Mfugale na abiria wamesimama mpaka mlangoni?

Kama ni mimi ningeambiwa niamue (na hakuna atakayeniambia, mimi naandika tu), ningesema kifaa kibaki, kirekebishwe, na handbreki itengenezwe kwanza kabla ya vyote. Kukiseti si kazi ya fundi wa mbali. Kijana alinieleza namna anavyofanya: anatafuta mlima mdogo usio na watu nyuma, gari ikiwa tupu, anasimama, anaachia klachi taratibu. Ikirudi, anazungusha kidogo ili breki ichelewe kuachia. Ikimshika na kutetemeka, anazungusha upande wa pili. Kisha anarudia na mzigo. Kila pleti ikibadilishwa anaanza upya.

Mzee alisikiliza maelezo yote hayo akitafuna kijiti. Mwisho akauliza, kama vile anauliza kwa niaba ya mtu mwingine, waya alizokata fundi wake zinaweza kuungwa tena au mpaka mtu anunue nyingine Ilala. Kijana akainuka kwenda kuangalia chini ya dashibodi. Vali ilikuwepo. Waya mbili zilikuwa zimefungwa kwa nailoni nyeusi, safi kabisa. Wakati huo huo akatokea mama mmoja mwenye mzigo wa vitenge wa kupeleka Gongo la Mboto, bei ikapatana, na mzee akaondoka hivyo hivyo. Nilimwona anaingia Mandela kuelekea Tazara, na bodaboda wawili wakamfuata mgongoni.