Nyumba Zisizonyeshewa Mvua

Nyumba ya Manyamanyama, katika Bunda, ina mahakimu wawili: mvua na jua. Fundi akikosea msingi, masika humfichua; akikosea dirisha, mwenye nyumba hukesha kwa joto. Hukumu hiyo ndiyo shule ya ujenzi.

Wako wasanifu majengo walioikimbia shule hiyo. Mwaka 2003 ilizinduliwa Second Life, dunia ya kompyuta ambamo jumba husimama bila udongo wala uzito. Wasanifu wakaingia kwa shangwe, kisha shangwe ikapoa. Mwaka 2021 kampuni ya Facebook ilijiita Meta, na shangwe ikarejea; mwaka 2022 ofisi ya Zaha Hadid Architects ikaonyesha mji mzima wa namna hiyo kwa jina la Liberland. Paa la mji huo halivuji, kwa kuwa halinyeshewi. Wala halimstiri mtu.

Kompyuta yenyewe haina lawama. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliyapima magofu ya Kilwa Kisiwani kwa miali ya leza, ukahifadhi sura yake katika kompyuta. Sura ile ni mtumishi wa jiwe: ufa ukizidi, vipimo vya awali vipo vya kulinganisha.

Basi mwanafunzi wa usanifu na ajaribu kila chombo kipya, na kila kimoja akiulize swali la Manyamanyama: mvua ikinyesha, ni nani atakayelala pakavu?