Masika, Lami na Msafiri wa Iringa

Masika ya Iringa ni ya kipindi kimoja: mvua huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Hufuata kipupwe cha Juni hadi Agosti, chenye baridi na ukungu unaolalia mashamba ya chai ya Mufindi. Wasafiri wameishi na misimu hii miaka yote, ila namna wanavyoipokea imegeuka kadiri matarajio yao yalivyogeuka.

Katika miaka ya 1960 barabara ya Iringa na Mbeya hadi Tunduma ilikuwa ya udongo na changarawe. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilipoteza njia yake ya mafuta ya kusini, iliyopitia Rhodesia, na malori yakaanza kusomba mapipa kutoka Dar es Salaam katikati ya masika. Lori moja likikwama Mlima Kitonga, yote ya nyuma yalisimama. Utingo alishuka na jembe, akakata matawi ya kutandika chini ya magurudumu, akafunga minyororo, dereva akajaribu tena. Abiria wa enzi hizo alifungasha chakula na blanketi, wala hakuahidi siku ya kufika. Akifika, hata akiwa na matope hadi magotini, safari ilikuwa njema.

Bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Zambia mwaka 1968, na lami ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matope yalipoondoka, uvumilivu nao ulipungua. Mwenye tiketi iliyoandikwa saa ya kuondoka hutaka na saa ya kufika. Ukungu wa nusu saa pale Mafinga, ambao baba yake asingejisumbua kuusimulia, humharibia siku.

Mwinuko haukuondolewa na lami. Ruaha Mbuyuni abiria hununua vitunguu kupitia madirishani, jasho likiwatoka. Basi likishapanda Kitonga na kuipita Ilula, vioo hufungwa kimoja kimoja. Mzoefu hutoa sweta. Mgeni wa Pwani aliyevaa shati jepesi hujikunyata na kulaumu hali ya hewa, ingawa Iringa, iliyo mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ina baridi yake ya kila mwaka.

Utalii nao ulileta picha. Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, hutangazwa zaidi kwa sura yake ya kiangazi: nyasi fupi, na tembo wakichimba mchanga wa mto Mwagusi kutafuta maji. Anayekuja Februari na picha hiyo kichwani hukuta majani marefu, njia zisizopitika na wanyama waliotawanyika, maana maji yapo kila mahali. Hulalamika kwamba amedanganywa, na ana haki kiasi, kwani aliyemuuzia safari aliyajua hayo. Mpenzi wa ndege aliyeketi naye gari moja hufurahia wahamaji waliojaa mitini. Tena picha ya kiangazi ina dosari isiyotajwa: tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika miezi ya ukame, hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu. Kwa hiyo msongamano wa wanyama kwenye madimbwi yaliyobaki, unaompendeza mtalii, ni sehemu ya shida ya mto.

Katika eneo la kale la Isimila, kando ya barabara ya Mbeya, mvua hufukuza wageni. Lakini mvua hiyohiyo ndiyo iliyochonga nguzo za udongo za hapo na kuzifukua zana za mawe za kale.

Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, imegeuza hesabu. Okidi na maua mengine huchanua masika, hivyo anayeikimbia mvua na kwenda Julai hukuta nyasi kavu na usiku wenye sakitu. Barabara ya kupanda kutoka Chimala ina kona 57, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Wanaokwenda Januari hubeba makoti ya mvua na viatu vya mpira, hutafuta dereva anayezijua kona hizo, na huingia hifadhini mapema, kwa kuwa mvua ya milimani mara nyingi hungoja alasiri.