Pesa za kutibu saratani: anza na karatasi ya maabara

Leo hakuna habari za Linux wala PHP. Leo ni habari za pesa, tena pesa za kutibu saratani. Shangazi yangu aligunduliwa ana saratani ya matiti mapema mwaka 2025, na tangu hapo mimi ndiye mweka hazina wa familia. Ukiwa mtu wa kompyuta katika ukoo, kila kitu chenye nambari huletwa kwako.

Uamuzi wa kwanza wa wazee ulikuwa kuuza shamba lake la nusu ekari. Mnunuzi alishapatikana na bei ni shilingi 600,000. Shangazi aliuliza swali moja tu: "Wanangu, nikipona nitalima wapi?" Hakuna aliyemjibu. Niliomba wiki mbili kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.

Sikuwa na ujuzi wowote wa hospitali. Nilichokuwa nacho ni mazoea ya kazi yangu. Mteja akipiga simu na kusema "kompyuta imekataa," huna pa kuanzia. Akikusomea ujumbe wa hitilafu neno kwa neno, nusu ya kazi imekwisha. Sasa, kusema "tunaomba msaada wa saratani" ni sawa kabisa na "kompyuta imekataa." Msaada upo, lakini uko vipande vipande, na kila kipande hulipia kitu chake. Kwa hiyo tuliomba hospitalini karatasi mbili: nakala ya majibu ya biopsi, na mpango wa matibabu unaoonyesha dozi ngapi za kemotherapia, upasuaji, siku za mionzi na vipimo, kila kimoja na bei yake. Jumla ikawa shilingi 780,000. Inatisha, lakini sasa tulikuwa na orodha, na orodha unaweza kuishughulikia.

Kipande kikubwa ni bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kujisajili ni rahisi, unabonyeza *147# kwa simu yoyote. Lakini kujisajili sio kulipa! Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, wa chini kabisa shilingi 300 kwa mwezi, na asiyeajiriwa hulipia mwaka mzima kwa pamoja. Usipolipa, utahudumiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya, lakini matibabu ya saratani hayamo humo. Shangazi alikuwa amejisajili tu. Tulilipa ya mwaka wiki hiyo hiyo.

SHA ilipoanza, kila kaya ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka za saratani, na zikiisha, 150,000 zaidi kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Jumla 550,000. Oktoba 2025 Rais William Ruto alitangaza kuwa kiwango kitapandishwa hadi 800,000. Kabla ya kila dozi, uliza dirishani ni kiwango gani kinatumika kwenye faili lako na kimebaki kiasi gani. Tena kumbuka, hizo ni za kaya nzima, sio za mtu mmoja.

Kipande cha pili hufunguliwa na jina kamili la ugonjwa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya, SHA na kampuni ya Roche walikubaliana kuhusu Herceptin, dawa ya saratani ya matiti ya aina ya HER2. Bei ya dozi moja ilishuka kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000, na hizo 40,000 hulipwa na SHA katika hospitali zilizochaguliwa. Lakini bila kipimo cha HER2 kwenye karatasi, mlango huo umefungwa. Mambo haya hayakuanza jana. Tangu 2002 kampuni ya Novartis na shirika la The Max Foundation wamekuwa wakiwapa wagonjwa wa aina moja ya saratani ya damu dawa ya Glivec bila malipo katika nchi nyingi. Hapo pia, anayeuliza kwa jina la ugonjwa ndiye anayeipata.

Kipande cha tatu ni ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali za umma. Wale maafisa wanaweza kuchunguza hali ya familia na kupendekeza bili ipunguzwe au isamehewe. Waone mapema, kabla deni halijawa mlima. Waulize pia kuhusu mashirika kama Faraja Cancer Support Trust ya Nairobi, lenye mfuko wa kuwalipia matibabu wasiojiweza.

Mchango wa watu unakuja mwisho. Wengi wetu tunakumbuka Agosti 2015, mwanafunzi mmoja alipohitaji upasuaji wa ubongo India. Lengo lilikuwa shilingi milioni 1, na kwa siku chache zikapita milioni 6. Lakini hiyo hutokea mara moja moja. Harambee ya kawaida ni ya jamaa, majirani na kanisa, na watu huchoka. Sisi hatukuomba 780,000. Tuliomba pengo la 230,000, pamoja na nauli na malazi, maana SHA hailipii matatu. Kila Jumapili niliweka kwenye WhatsApp jedwali la zilizoingia, zilizotoka na picha za risiti. Ujumbe uliozaa zaidi ulisema hivi: "Alhamisi kuna kipimo cha shilingi 9,500, tumebakisha 3,000." Zilipatikana kabla ya saa sita mchana.

Usitumie zote lakini. Siku moja mtandao wa hospitali ulikatika, idhini ya bima ikakwama, na akiba ndogo ndiyo iliyotulaza mjini siku mbili tukisubiri badala ya kurudi nyumbani bila dozi.

Shamba halikuuzwa. Shangazi bado anarudi kliniki kila baada ya miezi mitatu, na daktari hajatuambia neno "amepona." Lakini msimu huu amepanda mahindi na kunde.

Kama unajua mfuko mwingine hapa Kenya, andika hapo chini. Tafadhali usiandike tu "wanasaidia wagonjwa wa saratani." Tuambie wanalipia nini hasa, na wanataka karatasi gani.