Sade Katika Sinema

Mwandishi akifa, sifa yake hubaki mikononi mwa wanaomsimulia. Donatien Alphonse François de Sade, Mfaransa mwenye cheo cha marquis, alizaliwa mwaka 1740, akafa mwaka 1814. Karibu miaka 30 ya umri wake ilipita kifungoni, chini ya mfalme, chini ya jamhuri na chini ya Napoleon. Vitabu vyake vilijaa ashiki na ukatili, hata jina lake likazaa neno litumikalo katika lugha nyingi kutaja starehe ya kumwumiza mwingine. Sinema haikuweza kumwacha mtu wa namna hii.

Mwaka 1967 Peter Brook alitengeneza filamu kutokana na tamthilia ya Peter Weiss. Humo Sade, akiwa katika hospitali ya wenye wazimu ya Charenton, anawaongoza wagonjwa waigize kuuawa kwa Marat. Msingi wa kisa una ukweli, kwani Sade aliongoza michezo pale, na watu wa Paris walikwenda kuitazama. Katika filamu anapiga magoti, na mwanamke anamchapa kwa nywele zake. Mwaka 2000 ilitoka Quills ya Philip Kaufman. Sade mzee ananyang'anywa kalamu. Anaandika kwa divai, kisha kwa damu yake. Mwisho anakatwa ulimi. Sade wa kweli hakukatwa ulimi.

Mtazamaji huondoka akiwa upande wa mfungwa, wala hana kosa, maana kumfunga mtu kwa ajili ya maandishi yake ni dhuluma. Lakini filamu zote mbili zinaafikiana katika jambo moja: mwenye kuumizwa ni Sade.

Siku ya Pasaka mwaka 1768 Rose Keller, mjane aliyekuwa akiomba sadaka mjini Paris, alichukuliwa na Sade hadi Arcueil kwa ahadi ya kazi ya nyumbani. Alifungiwa chumbani, akachapwa. Akatoroka kwa dirisha, akashtaki. Kisha akalipwa fedha ili ayaache mashtaka. Siku hizo Sade alikuwa hajachapisha kitabu hata kimoja. Basi mjeledi ulitangulia kalamu.

Pier Paolo Pasolini alishika njia nyingine. Katika filamu yake Salò ya mwaka 1975, Sade mwenyewe hayumo. Pasolini alitwaa kitabu ambacho Sade alikiandika gerezani Bastille mwaka 1785, juu ya gombo lenye urefu wa mita 12 hivi, akakihamishia Italia ya kaskazini katika siku za mwisho za Ufashisti. Mabwana wanne wenye vyeo wanawafungia vijana na kuwatesa. Hayupo mzee mcheshi wa kuhurumiwa; huruma yote huwaendea walioteswa. Nchi kadhaa ziliipiga marufuku, na kuitazama ni mateso. Hata hivyo imemheshimu Rose Keller kuliko zile zinazopendeza, ingawa haimtaji.

Mwaka 2021 Serikali ya Ufaransa ililinunua gombo lile kwa euro milioni 4.55. Ni vyema lihifadhiwe, kwani maandishi mabaya nayo ni ushahidi. Lakini atakayetengeneza filamu nyingine juu ya Sade asianzie kwenye gombo wala gerezani. Aanzie kwenye dirisha la Arcueil.