Kuahirisha Mpira Si Kubadilisha Tarehe Tu

Leo naweka kando mambo ya seva na lugha za programu, nataka tuzungumze mpira. Wale mliokuja kwa ajili ya kompyuta msikimbie, itaingia tu, tena mapema kuliko mnavyodhani.

Swali langu ni hili: msimu wa mpira ukiahirishwa, ni kitu gani hasa kinachosogezwa? Wengi watajibu haraka, "Tarehe, ni nini kingine?" Jibu hilo ni rahisi sana kuliandikia programu. Unafungua hifadhidata, unabadilisha tarehe, unahifadhi, unaenda kunywa chai. Lakini ndani ya msimu kuna watu, na umri wa mtu haujui kuahirishwa.

Turudi nyuma hadi mwaka 2020. Kisa cha kwanza cha korona hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza shule na vyuo vyote vifungwe. Mimi nilikuwa chuoni, mwaka wa tatu wa sayansi ya kompyuta, nikafunga virago nikarudi nyumbani Galbet, hapa Garissa. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili njia ya kuingia na kutoka Nairobi ikafungwa. Mpira wote ulisimama, kuanzia Ligi Kuu hadi ule wa watoto wa mtaani.

Naomba nieleweke: sisemi ilikuwa vibaya kusimamisha mpira. Huku kwetu kijana akitoka uwanjani anarudi kwenye boma moja na nyanya yake. Kusimamisha ilikuwa lazima. Ninachouliza ni kilichofuata baada ya kusimamisha.

Sasa kompyuta inaingia. Kabla ya korona, wazee na makocha wa mtaa walikuwa wameniomba niwaandikie programu ya mashindano ya vijana wa shule, yachezwe likizo ya Aprili. Timu 8, kila timu wachezaji 18, jumla majina 144. Nikaiandika kwa PHP na MySQL, kazi ya jioni chache. Sharti lao kubwa lilikuwa umri: mchezaji asiwe ametimiza miaka 18 siku ya mechi ya kwanza, ambayo ilipangwa Jumamosi tarehe 11 Aprili 2020. Programu ilichukua tarehe ya kuzaliwa, ikachukua tarehe ya mechi ya kwanza, ikatoa hesabu. Safi kabisa.

Mechi haikuchezwa, bila shaka. Kamati ikaniambia niandike "imeahirishwa hadi itakapotangazwa", nami nikaandika. Majina 144 yakakaa kwenye kompyuta yangu karibu miezi ishirini na moja.

Hiyo miezi haikuwa mitupu. Tarehe 7 Julai 2020 Waziri wa Elimu George Magoha alitangaza kwamba mwaka ule wa masomo umepotea. Kidato cha nne wakarudi darasani tarehe 12 Oktoba, wengi wa waliobaki wakasubiri hadi Januari 2021. Waliokuwa kidato cha nne wakafanya KCSE Machi na Aprili 2021, wakamaliza shule bila kucheza tena hata mechi moja ya mashindano ya shule. Michezo ya kitaifa ya shule ilirudi mwaka 2022, na wao hawakuwa wanafunzi tena.

Kwa msomaji wa Nairobi hilo laweza kuonekana dogo. Kwa kijana wa Garissa michezo ya shule ndiyo ngazi. Unatoka kaunti, unaenda mkoa, unafika taifa, na huko ndiko kocha wa timu kubwa anaweza kukuona. Timu zenyewe ziko kama kilomita 370 kutoka hapa. Hakuna kocha atakayepita Galbet kwa bahati akanunue maziwa ya ngamia halafu akutazame ukipiga krosi.

Haya. Tarehe 20 Oktoba 2021 kafyu ikaondolewa. Kamati ikakutana: mashindano yachezwe, mechi ya kwanza Jumamosi tarehe 25 Desemba 2021, shule zikiwa zimefungwa. Nikafungua programu mbele yao, nikabadilisha tarehe, nikahifadhi.

Majina 61 yakageuka mekundu.

Mzee mmoja akaniuliza, "Kijana, hiyo mashine yako imewafukuza watoto wetu?" Nikamjibu, "Mzee, mashine haijafukuza mtu. Inafuata sharti mlilonipa. Hawa wametimiza miaka 18 wakati tukingoja." Kimya kikaingia. Hakuna mtu aliyekuwa amekaa chini akaamua vijana 61 watolewe. Hakukuwa na kura wala barua. Tarehe moja ilibadilika na wao wakaondoka nayo.

Mtu mwingine akapendekeza tusogeze wiki moja tu mbele, tupate muda wa kuandaa jezi. Nikajaribu tarehe 1 Januari 2022. Majina mengine 19 yakawa mekundu kwa mpigo! Wa huku mmeshajua sababu. Wengi wetu vyeti vyetu vilitolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa, na karani asipoambiwa siku anaandika Januari 1. Fungua orodha yoyote ya kaskazini mashariki utakuta nusu ya darasa walizaliwa siku moja. Kwa programu yangu, mwaka mpya ulikuwa kama panga.

Usiku huo nikaanza kusoma wengine walifanyaje, na hapo ndipo jambo likanikaa vizuri kichwani.

Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa tarehe 24 Machi 2020. Siku sita tu baadaye, tarehe 30 Machi, tarehe mpya ikatangazwa: ifunguliwe 23 Julai 2021. Mpira wa wanaume wa Olimpiki ni wa walio chini ya miaka 23, isipokuwa wachezaji watatu tu. Je, wale ambao wangepita umri katika ule mwaka mmoja? FIFA iliamua waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 1997 wabaki na haki yao, hata kama sasa wamefika 24. Waandishi wa programu wenzangu, angalieni uzuri wake: hawakuhesabu umri kutoka siku ya mechi. Waliishika tarehe ya kuzaliwa, wakaiacha mahali pake. Mashindano yakasogea, sharti halikusogea.

Marekani nako kulikuwa na kisa kikubwa zaidi, cha mpira wao wa vyuo, ule wa helmeti ambao mpira wake una umbo la yai. Tarehe 11 Agosti 2020 muungano wa vyuo 14 uitwao Big Ten ulitangaza kuahirisha msimu, kwa matumaini ya kucheza baada ya majira ya baridi. Siku hiyo hiyo Pac-12 wakafuata. Wachezaji na wazazi wakapiga kelele, hata wanasiasa wakaingia. Tarehe 16 Septemba Big Ten wakageuza uamuzi, baada ya kupata vipimo vya haraka vya kila siku, wakacheza kuanzia Oktoba. Huko wakati huo mchezaji alikuwa na miaka 5 ya kucheza misimu 4. Saa hiyo ingeendelea kukimbia. Kwa hiyo chama cha NCAA, Agosti hiyo hiyo, kikasema msimu ule hautahesabiwa katika miaka ya mtu: kila mchezaji wa msimu huo aongezwe mwaka.

Halikuwa jambo la bure. Waliobaki mwaka wa ziada walijaza nafasi, na vijana waliokuwa wakimaliza shule ya upili wakakuta nafasi za kuchukuliwa na vyuo zimepungua. Mwaka uliopotea haupotei hewani, lazima kuna mtu ataulipa. Kilichonivutia ni kwamba huko kuna watu walikaa mezani wakaamua nani alipe. Kwetu kidato cha nne wa 2020 walilipa bila mtu yeyote kutamka kwamba wao ndio watakaolipa.

Nikapeleka hayo kwa kamati. Nikawaambia tunaweza kufanya kama Olimpiki: kikomo kibaki kile cha 2020, yaani aliyezaliwa baada ya tarehe 11 Aprili 2002 acheze. Kocha mmoja akasimama, na hoja yake ilikuwa nzito. "Huyu mtoto wangu ana miaka 14. Unamweka mbele ya mwanamume wa miaka 19 mwenye ndevu, amvunje mguu?" Kweli kabisa. Miaka ile miwili haikuwapita wakubwa peke yao, ilileta wadogo pia, na mwaka wao ulikuwa huu.

Wakabishana hadi adhana ya isha. Mwisho wakakubaliana: wale 61 wabaki na haki yao, lakini kila timu isichezeshe zaidi ya watano wao kwa wakati mmoja. Nikaandika sharti hilo kwenye programu usiku ule ule.

Na sasa naomba msome polepole. Kati ya wale 61 walikuja 23. Sharti la watano halikuhitajika hata mara moja, hakuna timu iliyowafikisha. Wengine walikuwa wameshakwenda Nairobi kutafuta kazi, wengine wanaendesha bodaboda na hawawezi kupoteza siku, mmoja alikuwa ameoa. Binamu yangu, kipa ambaye kila mtu mtaani alimtaja kama wa kufika mbali, alikuwa akiuza duka la nguo Eastleigh. Nikampigia simu kumwambia jina lake limebaki. Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante abti, lakini nani atafungua duka?" Alinitania kwa kuniita abti, yaani mjomba, kwa sababu nilizungumza kama wazee wa kamati. Tukacheka, nikakata simu.

Kwa hiyo haki ikibaki kwenye karatasi bado haimrudishi mtu uwanjani. Inarudisha baadhi. Lakini 23 si sifuri! Mmoja wao alifunga mabao mawili mechi ya kwanza, na mama yake alikuwepo.

Tangu hapo nimebadilisha programu, na ndiyo inayotumika mtaani hadi leo. Ukibonyeza kitufe cha "ahirisha", haikubali mpaka ujibu maswali matatu:

1. Mashindano yatarudi lini? Kama huna tarehe, andika kitu kitakachotokea ndipo yarudi, mfano "kafyu ikiondolewa".

2. Umri unahesabiwa kutoka tarehe ipi, ya zamani au mpya? Kabla hujachagua, inakuonyesha majina ya watakaotoka. Majina, si idadi tu.

3. Nani ameamua? Jina la mtu mmoja, si "kamati".

Asiyeweza kujibu ana kitufe kingine kando yake, "futa". Makocha wawili wamenilalamikia kwamba ni usumbufu, eti neno "futa" ni kali mno. Nimewajibu kwamba ndiyo maana nimeliweka. Kijana akiambiwa msimu umefutwa atalia, kisha atatafuta njia nyingine mapema. Akiambiwa umeahirishwa atafanya mazoezi peke yake kwenye mchanga kila alasiri, akingoja tarehe ambayo hakuna aliyeiandika popote.

Tatizo la Januari 1 bado sijalimaliza. Nimefikiria kuhesabu kwa mwaka wa kuzaliwa badala ya siku, lakini hapo wale wenye vyeti vya siku kamili wananung'unika kwamba wanaonewa, na wana haki. Mwenye wazo zuri anisaidie. Msimbo ni mfupi, naweza kumtumia.

Hadi wakati mwingine, panapo majaliwa.