Ouma wa Doornkloof

Nyumba yenyewe ni ya mabati na mbao. Ilikuwa bwalo la maofisa wa jeshi la Kiingereza huko Middelburg, Transvaal. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipokwisha, Jan Smuts aliinunua, ikabomolewa na kusafirishwa hadi shambani kwake Doornkloof, Irene, kusini mwa Pretoria, ikasimamishwa upya mwaka 1909. Joto lilipokuja, bati lilichoma. Baridi ilipokuja, lilinyonya ubaridi wote wa nje. Mkewe Isie alilea watoto humo na hakuhama tena. Nadhani ni wanawake wachache walioishi miaka 45 ndani ya ukumbi ambamo adui zao walikuwa wakinywea pombe.

Nilikutana naye kwa njia ya pembeni. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu vita vya 1914 hadi 1918 katika Afrika ya Mashariki, na ukiandika vita hivyo huwezi kumkwepa Smuts, aliyeongoza majeshi ya Uingereza kuanzia Februari 1916. Barua zake zimechapishwa, mabuku mazito, nyingine kamwandikia mkewe. Nilikuwa natafuta mvua, malaria na ng'ombe wa kubeba mizigo waliokufa kwa ndorobo. Nikajikuta nasoma ndoa ya watu.

Jina lake la kuzaliwa ni Sybella Margaretha Krige, wa Stellenbosch, mwaka 1870. Yeye na Smuts walikuwa wanafunzi wenzake, wakipenda mimea na vitabu vya Kijerumani. Smuts alipopata ufadhili wa kwenda Cambridge mwaka 1891, Isie alibaki nyumbani akafundisha shule. Alimsubiri. Walioana mwaka 1897, na mwaka uliofuata wakazaliwa mapacha ambao hawakumaliza hata miezi michache. Mwaka 1899, vita vikinukia, Smuts alishiriki kuandika kitabu cha kuwashitaki Waingereza mbele ya dunia, na Isie ndiye aliyekitafsiri kwa Kiingereza. Hili wanahistoria hulitaja kwa nusu sentensi kisha wanarudi kwa majenerali. Mimi limenikaa kichwani: kwamba sauti ambayo Waingereza waliisoma ikiwatukana ilikuwa ya mwanamke wa miaka 29 mwenye mtoto mchanga.

Mtoto huyo, Koosie, alifariki Agosti 1900. Pretoria ilikuwa imeshatekwa mwezi Juni, baba yake yuko porini na wapiganaji. Inasimuliwa kwamba askari walipokuja kupekua nyumba, Isie alificha sarafu za dhahabu ndani ya maji yanayochemka jikoni, na nyaraka za mumewe ndani ya fimbo za mapazia. Baadaye aliomba apelekwe kambini kama wanawake wengine wa Kikaburu. Waingereza wakakataa, wakamweka Pietermaritzburg chini ya ulinzi. Katika kambi zile walikufa zaidi ya Makaburu 26,000, wengi wao watoto. Kulikuwa na kambi nyingine za Waafrika, ambako waliohesabiwa tu wanazidi 14,000. Hizo Isie hakuomba kupelekwa, na sijui nani angeomba.

Nilipomwonyesha msimamizi wangu rasimu ya kwanza, alivua miwani.

“Binti, unamhurumia Kaburu?”

“Namsoma tu, Mwalimu.”

“Haya. Msome.”

Kwetu neno Kaburu halina upole. Tumelirithi kutoka kwenye hotuba za ukombozi, na linabeba Sharpeville na Soweto hata pale unapozungumzia mtu wa mwaka 1900. Na mume wa Isie hakuwa malaika aliyesingiziwa. Alikuwa waziri katika serikali iliyopitisha sheria ya ardhi ya 1913, ile iliyomzuia Mwafrika kununua ardhi sehemu kubwa ya nchi yake. Alikuwa waziri mkuu mwaka 1921 polisi walipoua waumini Bulhoek. Isie alipika, alipanga makaratasi, alitunza. Sijaona mahali alipomwambia hapana.

Basi mwaka 1916. Smuts aliondoka Februari, mtoto wao wa mwisho wa kumzaa, Louis, ana mwaka mmoja na ushee. Moshi ikaanguka Machi, Morogoro Agosti, Dar es Salaam Septemba. Januari 1917 akaitwa London, akakaa huko hadi 1919. Miaka mitatu na nusu Doornkloof iliongozwa na Isie, na mumewe alikuwa pia akimwandikia Margaret Gillett, rafiki yao wa Uingereza, mambo ya falsafa na ya moyo. Isie alijua. Alimpokea mama yule kama ndugu. Nimejaribu kumkasirikia mume kwa niaba yake, nikaona kazi hiyo hakunituma.

Mwaka huohuo jenerali mwingine Kaburu, van Deventer, aliiteka Kondoa mwezi Aprili na Dodoma mwezi Julai. Wajerumani wakirudi nyuma walichukua ng'ombe na nafaka, Waingereza wakija mbele wakachukua zilizobaki, na wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza wanakadiriwa kufika 95,000. Kariakoo yetu ni jina la kikosi chao. Kisha mvua ikakata. Ugogo wanaita njaa ile Mtunya, na inakadiriwa iliua watu wapatao 30,000.

Bibi yangu ni wa kule. Mama yake, anasema, alikuwa mtoto mdogo alipotolewa kwa familia nyingine kwa debe za mtama. Baba alikwenda na mizigo ya askari, hakurudi. Aliyebaki kuamua mtoto yupi atolewe ni mke. Hakuna barua hata moja. Nilipomsimulia bibi habari za Isie, hakuuliza kuhusu vita. Aliuliza, “Huyo mama alikuwa na chakula?” Nikamwambia alikuwa na shamba, ng'ombe na matunda. Akaguna, akaendelea kuchambua mchele.

Katika vita vya pili Isie aligeuka Ouma, yaani bibi, wa jeshi zima. Aliongoza mfuko wa kuwapelekea askari zawadi, soksi na sigara, akasafiri hadi Misri kuwatazama. Mwanamke aliyeficha dhahabu ili Waingereza wasiipate sasa anawafumia soksi wanaopigana upande wao. Makaburu wengi hawakumsamehe mumewe kwa urafiki ule, na mwaka 1948 walimtoa madarakani, wakaingia wenye apatheidi. Smuts alifariki 1950, Isie 1954.

Sura yangu ya tatu ina kurasa tisa za Doornkloof na moja na nusu ya Ugogo. Msimamizi ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu, neno moja: “Ongeza.” Jumamosi napanda basi la Dodoma na kinasa sauti cha kuazima. Bibi amesema nije na sukari, na kwamba kuna mzee wa Mvumi ambaye mama yake naye alitolewa.