Daftari Mbili za Tosamaganga

Kiswahili cha zamani kina maneno mawili ambayo leo hayasikiki sana, ila katika tungo za wakongwe na katika mabaraza machache ya pwani: mwia na mwiwa. Mwia ni mwenye kudai, mwiwa ni mwenye kudaiwa. Yote mawili yametokana na kitenzi kuwia, nacho kimezaliwa na kuwa. Kitenzi hichohicho ndicho kinachosikika pale mtu anapomwomba mwenziwe msamaha akasema, "Niwie radhi." Hivyo lugha imelipanda deni na radhi katika shina moja, na aliyelelewa katika lugha hiyo hashangai kuona watu wakidaiana huku wakitakana radhi.

Watu wa pwani walilichukulia jambo hili kwa uzito wake. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni ile ya deni, iliyomo katika Sura ya Al-Baqara, inayowataka waumini waandikishe wanachokopeshana na waweke mashahidi. Na maiti anapokuwa tayari kupelekwa makaburini, jamaa husimama wakatangaza: mwenye kumdai marehemu na ajitokeze, au asamehe. Hakuna ambaye angependa mtu wake ashushwe kaburini akiwa bado ni mwiwa.

Huko juu Tosamaganga, mwendo wa kilometa zipatazo 15 kutoka mjini Iringa, neno hilo limepita njia nyingine. Wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walianzisha misheni mahali hapo mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza wakaja Wakonsolata, Waitaliano wa Torino. Katika Kilatini cha misa yao na katika Kiitaliano chao, sala ya Baba Yetu humwomba Mungu aondoe madeni. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka kwa Waprotestanti nayo ina neno deni mahali hapo. Sala ya Wakatoliki kwa Kiswahili imechagua makosa. Mfasiri huyo ambaye jina lake halitajwi alikuwa na sababu zake. Lakini kwa neno hilo moja, vizazi vya watoto wa Tosamaganga vimekuwa vikiomba kusamehewa makosa, na habari ya madeni wakaachiwa wenyewe waimalize baina yao.

Jina lenyewe la mahali husimuliwa kuwa ni kurusha mawe, kwa kumbukumbu ya mizinga ya Wajerumani iliyoipiga ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga, Oktoba 1894. Kalenga iko bondeni, si mbali. Huko ndiko linakohifadhiwa deni mashuhuri kuliko yote ya Uhehe. Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Mwaka 1919, katika Mkataba wa Versailles, kifungu cha 246 kiliiamuru Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na zaidi. Fuvu lilirudi Juni 1954, baada ya Gavana Twining kwenda kulitafuta katika makumbusho ya Bremen miongoni mwa mafuvu mengine, na wapo wanahistoria wasioamini hadi leo kwamba lililochaguliwa ndilo. Wahehe walilipokea. Deni lililocheleweshwa mno mara nyingi hulipwa hivyo: mwia hupewa kitu, akakitazama, akaamua mwenyewe kama ndicho.

Katika mji huo palikuwa na mwalimu wa kike wa shule ya msingi, aliyestaafu mwaka 2017. Mwaka 2009 alikopa shilingi 1,800,000 katika taasisi moja ya fedha ili aezeke nyumba yake kwa bati. Makato yalikuwa shilingi 62,000 kwa mwezi, miezi 36, yakitolewa katika mshahara kabla haujamfikia mkononi. Mwaka 2012 makato yakakoma, naye akajihesabu kuwa ni mtu huru. Mvua za masika zikanyesha juu ya bati lile miaka kumi na moja, na hapana aliyemwuliza neno.

Mwaka 2023 mjukuu wake alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Bibi akaenda mjini kuomba mkopo mdogo wa ada. Kijana wa dirishani alimwamkia kwa adabu, akaandika, akangoja, kisha akageuza uso. "Bibi, jina lako linasomeka."

Kusomeka, kwa mwalimu, ni neno la furaha. Maisha yake yote aliyatumia kuwafundisha watoto ili mambo yasomeke. Siku ile alijifunza kwamba tangu kanuni za mwaka 2012, zilizotungwa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya 2006, ipo kanzidata ya taarifa za wakopaji. Wakopeshaji hupeleka humo habari za wateja wao, na mkopeshaji mwingine huziangalia kabla ya kutoa hata senti. Humo, mwalimu alikuwa mdaiwa sugu. Malipo ya miezi mitatu ya mwaka 2010 yalionekana hayakufika, jumla shilingi 186,000. Na kwa riba na adhabu zilizoachwa zizaane gizani, deni lilikuwa limefika shilingi 1,140,000.

Haukupita mwezi, simu zikaanza. Taasisi ilikuwa imelikabidhi deni kwa wakusanyaji. Sauti ilikuwa ya kijana, naye kila mara alianza na "Shikamoo, Bibi." Mwalimu akaitikia "Marahaba, mwanangu," maana hakujua njia nyingine ya kuitikia. Baada ya hapo kijana alitaja dalali, akataja mnada, akataja bati la nyumba. Mtu anayetishwa baada ya kupewa shikamoo hukosa pa kushika: adabu imekwisha kumfunga, na tusi limekwisha kuingia. Siku ya tano kijana akawa mpole. "Bibi, toa hata elfu hamsini tu, tuoneshe kwamba una nia njema. Mengine tutazungumza."

Elfu hamsini alikuwa nayo. Usiku huo aliitoa katika kitambaa, akaihesabu, akairudisha, akaitoa tena. Alikuwa tayari kununua usingizi kwa bei hiyo.

Asubuhi, kabla ya kulipa, alipita kwa msaidizi wa kisheria mjini. Huyo alimweleza mambo matatu. La kwanza, dalali wa mahakama haji kwa simu. Huja na amri ya mahakama, baada ya kesi kusikilizwa na hukumu kutolewa. Na hata akija, sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai imemkataza kugusa vyombo vya kupikia, matandiko na nguo za lazima, wala jembe la mkulima na mbegu yake. La pili, Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971 imempa mwenye kudai kwa mkataba miaka 6 ya kwenda mahakamani, na miaka 6 ilikuwa imepita zamani. La tatu ndilo lililomwokoa: mdaiwa anapokiri deni kwa maandishi, au anapolipa sehemu yake, hesabu ya miaka hiyo yaweza kuanzishwa upya. "Usitoe hata thumuni, Mwalimu, kabla hujajua unalipa nini. Ile elfu hamsini si nia njema. Ni sahihi yako."

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nao walisema kweli. Lakini hawakusema kulipa mara mbili.

Chini ya kitanda cha mwalimu palikuwa na sanduku la bati. Mlikuwa na vyeti vya ubatizo, barua za uhamisho, na hati za mshahara za miaka thelathini zilizofungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka. Wajukuu walimcheka kwa ajili ya sanduku hilo. Alikaa sakafuni akaufungua mwaka 2010. Oktoba, Novemba, Desemba: kila hati ilionesha shilingi 62,000 zimekatwa, na jina la taasisi likiwa pembeni. Miezi hiyo mitatu ndiyo aliyohamishiwa shule nyingine. Fedha zilitoka kwake. Zilipopotelea ni katikati, kati ya meza na meza, na aliyeandikiwa kosa ni yule aliyekuwa mbali na meza zote mbili.

Mtu ana haki ya kuiona taarifa yake katika kanzidata na kuipinga iwapo si sahihi. Mwalimu aliomba nakala, akaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwandiko wa ubaoni, akaambatanisha nakala za hati tatu, akabaki na za asili. Barua moja aliipeleka kwa taasisi, ya pili kwa wenye kutunza taarifa, na kila nakala ikagongwa muhuri wa kupokelewa mbele ya macho yake. Alipanda basi kwenda Iringa mara saba. Mara mbili aliambiwa mhusika hayupo. Mara moja aliambiwa faili halionekani, akakaa kwenye benchi mpaka likaonekana. Ilichukua miezi mitano. Kisha ikaja karatasi yenye nambari ya kumbukumbu na tarehe, ikisema kwamba mkopo umelipwa wote na taarifa imesahihishwa. Pole haikuwamo.

Mjukuu naye alikuwa amekosa muhula, akangoja mwaka mzima nyumbani. Hilo halikuandikwa katika taarifa yoyote, na hapana pa kulidai.

Wapo walioonja machungu kuliko hayo. Mikopo ya mitaani watu wenyewe wameipa jina, kausha damu, na hapana mshairi ambaye angeweza kuongeza neno juu ya hayo mawili. Ipo pia mikopo ya simu, ambayo mkopaji akichelewa, jumbe za kumwaibisha hutumwa kwa kila aliyemo katika simu yake: mkwe, mwajiri, imamu, padri. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo unaokataza udhalilishaji wa namna hiyo, na Novemba mwaka huohuo ikazitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Zamani mdaiwa alitangazwa akiwa amekwisha kufa, ili asamehewe. Hawa walitangazwa wakiwa hai.

Katika usiku ule wa kupekua sanduku, kuna kitu mwalimu alikitafuta asikione. Alikuwa akitafuta karatasi ya mwaka 1994. Mwaka huo mumewe alifariki, na seremala wa jirani alimtengenezea jeneza kwa mbao zake mwenyewe. Alipoulizwa bei alisema, "Mzike kwanza, Mwalimu." Baadaye akasema shilingi elfu nne, atakapojaliwa. Gunia la mahindi ndilo lililokuwa sawa na thamani hiyo. Kisha ukaja mwaka wa watoto wanne na mshahara mmoja, na mwingine, na mwingine. Seremala hakukumbusha, na mwisho yeye naye akafa. Mwalimu alihudhuria mazishi. Alisimama karibu na kaburi huku akijua.

Deni hili halikuwa katika kanzidata yoyote. Kwa sheria lilikuwa limekufa zamani. Hapana kijana ambaye angelipigia simu.

Juma moja baada ya kupata barua yake, mwalimu alikodi mkokoteni, akapakia gunia moja la mahindi, akafuatana nalo kwa miguu hadi karakana, ambayo sasa ni ya mwana wa seremala. Walisalimiana kama wasalimianavyo watu wa huko, "Kamwene," kwa kirefu, nyumba na wagonjwa na mashamba. Kisha akaeleza. Mwana wa seremala alinyamaza, akaingia ndani, akatoka na daftari ya jalada gumu, imeliwa na mende pembezoni. Ilikuwa ya baba yake. Majeneza ya miaka ishirini yalikuwa humo, jina kwa jina, mengine yamepigwa mstari, mengine bado. Akafunua ukurasa bila kutafuta. Jina lake lilikuwapo, halina mstari.

"Kumbe ulijua," akasema mwalimu.

"Nilijua tangu darasa la pili, Mwalimu. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Niliporudi nyumbani kila kitu nilikisoma, na hii niliisoma."

"Mbona hukusema?"

"Mzee alisema daftari hii ni ya kukumbuka watu."

Alitaka kulikataa gunia. Alisema mbao zile zimekwisha kuoza pamoja na marehemu, na kwamba yeye mwenyewe anadaiwa na mwalimu herufi zote ishirini na nne. Mwalimu akamwambia kwamba herufi zililipiwa na serikali, vibaya, lakini zililipiwa. Na kwamba yeye ni mtu mzima, hataki kutangazwa makaburini. Hapo kijana alielewa. Aliita msaidizi wake washushe gunia, wakalipima kwa debe, madebe sita, kama ilivyopasa. Kisha akachukua penseli ya useremala kutoka sikioni. Mwalimu akasema, "Kwa kalamu." Ikatafutwa kalamu. Mstari ukapigwa, umenyooka, naye akautazama mpaka wino ukakauka.

Jina linabaki kusomeka chini ya mstari. Ndivyo daftari ile ilivyo: aliyelipa hafutwi, huonekana alidaiwa na huonekana alilipa.

Miezi miwili baadaye simu ililia tena, nambari mpya, sauti mpya, kijana mwingine ambaye hakuwa amepewa habari. "Shikamoo, Bibi. Unadaiwa shilingi milioni moja, laki moja na elfu arobaini." Mwalimu akaitikia marahaba. Akamwuliza kama ana kalamu na karatasi. Kijana akasema anayo. Basi akafungua sanduku, akavaa miwani, akamsomea nambari ya kumbukumbu na tarehe, polepole, mara mbili, kwa sauti ile ya imla inayoacha nafasi kila baada ya maneno matatu. Kisha akamtaka ayasome aliyoyaandika. Kijana akasoma. Palikuwa na kosa moja katika tarehe, naye akamsahihisha.